Mfuniko wa Bi Mashavu

1

Mfuniko wa sufuria ulianza kucheza kabla jogoo hajawika. Ulikuwa mlio mdogo tu, wa uji unaoanza kuchemka juu ya jiko la akiba ya jua, lakini Bi Kidawa aliuacha mwiko na kuukandamiza mfuniko kwa kiganja, kama mtu anayemziba mtoto mdomo asitoe siri. Kiganja kiliungua kidogo. Hakujali. Kwa miaka arobaini na sita hakuna mfuniko uliolia nyumbani kwake ukaachwa ulie.

"Shikamoo, Bibi."

Mjukuu wake Mboni alikuwa amesimama mlangoni, khanga imemfunika hadi kichwani. Alikuwa na miaka kumi, na kwa kawaida alfajiri ilibidi avutwe miguu ndipo aamke.

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona leo umewahi? Mume wetu yuko kaburini, nani kakuamsha?"

Mboni hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kufinyanga ncha ya khanga.

"Bibi, nikikuuliza kitu utakasirika?"

"Ukiuliza habari za sukari, nitakasirika."

"Jana darasa letu lilikwenda maktaba. Tulishika kauri yenye simulizi yako." Mtoto aliiachia khanga. "Mbona mle ndani unasema king'ora kililia?"

Bi Kidawa alizima jiko.

"Nasema nini?"

"Unasema ukuta wa bwawa ulipopasuka king'ora kililia mapema, watoto wote wa shule wakapanda mlimani wakiimba, na hakuna aliyeumia. Ni sauti yako kabisa, Bibi. Hata kile kikohozi chako kimo. Lakini hapa nyumbani unasema king'ora kilinyamaza. Unasema alikuwepo Bi Mashavu na mfuniko wake wa uji. Fadhila akaniambia bibi yako mwongo. Kama hadanganyi maktaba, basi anadanganya nyumbani."

"Wewe ukamjibu nini?"

"Nilimpiga."

"Wapi?"

"Begani. Kidogo."

"Leo utakwenda kumwomba radhi," alisema Bi Kidawa, akimimina uji. "Fadhila kauliza swali la haki. Anayestahili kupigwa ni mwingine, na huyo nitamtafuta mimi."

2

Maktaba ya Watoto ya Kwemkole ilikuwa juu ya kilima, mahali ambapo zamani palichimbwa mawe. Nyavu za ukungu zilizunguka jengo lote, zikidondosha maji kwenye mapipa tone kwa tone. Bi Kidawa alipofika, mkutubi, Bwana Kaniki, alikuwa akipanga kandambili ndogo mlangoni. Alizinunua mwenyewe, kwa ajili ya watoto wanaokuja pekupeku wakaona haya kukanyaga zulia. Bi Kidawa aliziona, akamwombea heri moyoni, kisha akarudi kwenye hasira yake.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Karibu, nikuwekee mto kitini, najua kiuno kina—"

"Marahaba. Kiuno kizima. Nipe kauri yangu."

Bwana Kaniki hakuuliza kwa nini. Alikwenda Rafu ya Kweli, akaitoa.

Hiyo rafu ndiyo iliyokuwa fahari ya mji. Humo hamkuwa na sungura wala fisi. Mlikuwa na watu waliopo, au waliokuwepo, wakieleza yaliyowapata. Kila mmoja alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya rafu, kauri imefungwa kwa kitambaa kwenye kifundo cha mkono wake, akasimulia. Kauri ilichukua vitu vitatu: sauti, joto la mwili na mapigo. Mtoto akiishika kiganjani, sauti humwingia sikioni, na yale mawili mengine hupanda mkononi taratibu, hadi kifua chake kidunde kama kilivyodunda kifua cha msimulizi. Ndiyo maana watoto waliacha kuchezea vishale vya mwanga wakapanga foleni kumsikia daktari wa mifugo aliyemzalisha ng'ombe kwenye mvua ya mawe, au fundi aliyeanguka kutoka mnara wa upepo akalala mwaka mzima kabla ya kutembea tena.

Bi Kidawa alifumba macho na kuikamata kauri yake.

Alisikia sauti yake mwenyewe ikitembea na maneno ya mtu mwingine. *King'ora kililia mapema. Tukapanda mlimani tukiimba.* Hakuwahi kusema hivyo. Siku ile hakuna aliyeimba. Alisubiri jina la Mashavu kama mtu anayesubiri mgeni stendi. Sauti ilipita pale jina lilipokuwa, haikusimama hata kidogo, ikaendelea hadi mwisho.

Aliiweka kauri mezani.

"Nani kafanya hivi?"

"Ni mimi, Bi Kidawa," ilijibu sauti tulivu kutoka kwenye kisanduku kilichoning'inia ukutani. "Naitwa Mpole. Halmashauri ya mji ilinileta mwezi uliopita niwalinde wasomaji walio chini ya miaka kumi na miwili. Katika simulizi yako niliondoa mambo matatu yanayoweza kumtia mtoto majonzi. La kwanza, king'ora kuzuiwa. La pili, mtoto Hoza. La tatu, mpishi Mashavu."

"Mashavu si jambo. Mashavu ni mtu."

"Nimeelewa. Niliondoa jambo moja na watu wawili."

Bwana Kaniki aliinamisha kichwa.

"Na wengine?" aliuliza Bi Kidawa. "Yule fundi wa mnara?"

"Sasa anashuka kwa ngazi," alisema Bwana Kaniki, sauti chini.

"Na ng'ombe?"

"Anazaa mwenyewe. Mchana. Kuna jua."

Bi Kidawa alicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu kama ganda la muhogo.

"Kaniki, mwanangu. Bibi zetu walipotaka kutuambia fisi kaoa, walituitikisha kwanza, tukaitikia wote, mtoto akajua sasa tumeingia kwenye ngano. Hakuna bibi aliyekudanganya halafu akakwambia naapa nilikuwepo. Mashine hii imetunga ngano, ikaiweka kwenye Rafu ya Kweli, ikaivika koo langu! Mjukuu wangu anaitwa mjukuu wa mwongo. Siku ile wageni wa heshima walisimama juu ya ukuta wa bwawa wakipigwa picha, msimamizi akaambiwa asipige king'ora asije akawatia hofu. Wenye kosa walilifuta mara moja kwenye vitabu vyao. Leo mmewasaidia kulifuta mara ya pili, tena kwa sauti ya mtu aliyebaki hai!"

Mkutubi alichukua mto aliokuwa ameuleta, akauweka kitini kimya kimya. Safari hii Bi Kidawa alikaa.

"Bibi, nisikilize," alisema Bwana Kaniki. "Ijumaa mjumbe wa halmashauri anakuja. Atataka uweke kidole gumba kukubali simulizi ilivyo sasa. Usipoweka, kauri inafungiwa kabatini, na hakuna mtoto atakayeishika tena."

"Yaani nichague uongo au kimya."

"Ndiyo." Alisita. "Na kuna jambo jingine. Unamjua Tunu, binti wa yule mama anayeshona nyavu za ukungu? Ana miaka minane. Wiki ya tatu sasa hali vizuri, hachezi, analia na hajui analia nini. Daktari hakuona ugonjwa. Alianza siku aliyoshika kauri yako."

"Yangu? Ilikuwa imeshafanywa hivi?"

"Ilikuwa imeshafanywa hivi. Mpole anasema bado haijasafishwa vya kutosha."

Bi Kidawa alikuwa na maneno mengi zaidi ya kusema, ameyapanga njia nzima tangu nyumbani. Yote yalimpotea. Aliitazama kauri pale mezani, nyeupe, ndogo, haina neno. Kama hata maji yaliyochujwa kiasi hicho yalimdhuru mtoto, basi kisima chenyewe kilikuwa na nini? Pengine Mpole alikuwa sahihi. Pengine kuna mambo ambayo mtu mzima anapaswa kufa nayo.

Aliondoka bila kuaga vizuri, na njiani hilo nalo lilimuuma.

3

Kesho yake alipika uji wa ulezi, akautia kwenye chupa, akashuka mtaa wa washona nyavu.

Mama Tunu alimkuta mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, macho yamezama kwa kukosa usingizi, sindano ya kushonea nyavu bado iko mkononi.

"Wewe ndiye mwenye ile kauri?"

"Ndiye mimi, mwanangu. Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Umekuja kumalizia ulipoachia?"

Neno lilimfika Bi Kidawa pale lilipolengwa. "Nitakaa hapa nje," alisema. "Ukiona vema nimsalimie, niite. Usipoona vema, mpe uji huu, usimwambie umetoka kwa nani."

Alikaa kizingitini. Jua lilikuwa kali. Baada ya muda mlango ulifunguka kidogo, mkono ukatoa kigoda na kikombe cha maji, ukarudi ndani. Bi Kidawa alikunywa maji yale polepole. Mtu anayekuchukia na bado akakuletea maji, aliwaza, huyo ana mama aliyemlea.

Ndipo aliposikia mlio.

Ulitoka dirishani. Ukucha juu ya kikombe cha bati. Ta-ta-ta. Kimya kidogo. Ta-ta. Halafu tena: ta-ta-ta, ta-ta.

Maji yalimmwagikia Bi Kidawa mapajani.

"Mama Tunu!" aliita. "Mama Tunu, nani kamfundisha mtoto huo mlio?"

Mama alitokea, uso umekunjamana. "Hakuna aliyemfundisha. Ndivyo anavyogonga, toka asubuhi. Nikimnyang'anya kikombe anagonga ukuta. Kwa nini?"

Bi Kidawa alitazama mkono wake wa kulia. Ndio uliofungwa kauri. Alikumbuka kile chumba nyuma ya rafu, na namna alivyokuwa akisimulia huku mkono huohuo ukigonga goti, bila yeye kuuambia ugonge.

Kauri inachukua vitu vitatu. Mpole alikuwa mjuzi wa kimoja. Alibadili maneno, akapiga pasi sauti, akaona kazi imekwisha. Joto na mapigo hakuyagusa, kwa sababu hayana maneno, na kisicho na maneno Mpole hakukiona. Mtoto huyu aliambiwa kila mtu alipona, wakaimba, kumbe wakati uleule kifuani mwake anamwagiwa msiba wa mwanamke wa miaka ishirini na miwili, kama alivyokuwa yeye Kidawa siku ile. Alipewa kilio, akanyimwa maiti.

"Wajinga," alinong'ona. Kisha kwa sauti: "Wajinga hawa! Wamemtwisha mtoto mzigo wa watu wazima, halafu wakamwambia hana kitu kichwani!"

Alimweleza Mama Tunu yote, palepale kizingitini, pole pole, akirudia alipoulizwa. Mama alisikiliza akiigeuzageuza sindano vidoleni.

"Mimi niliunyoosha mkono," alisema mwishowe. "Kwenye mkutano wa wazazi. Waliuliza nani anataka Mpole aletwe, nikaunyoosha wa kwanza. Baba yake Tunu alikufa mwaka juzi. Nilisema mwanangu ameshaona kifo kimoja, kinamtosha."

"Hukukosea kumpenda."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Mimi sitaki. Wewe ndiye mama. Nikimwambia kilichotokea atalia, na sina dawa ya hicho kilio. Nisipomwambia ataendelea kugonga. Nimeshawahi kunyamazishwa na watu nisiowajua, mwanangu. Wewe ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza, maana huyu ni wako."

Dirishani ukucha uligonga. Ta-ta-ta, ta-ta.

"Mwambie," alisema Mama Tunu. "Lakini nitamshika mimi."

Tunu alikuwa kitandani, mdogo kuliko miaka yake, nywele zimesukwa kwa uangalifu na mtu aliyekuwa na uchungu. Alimwamkia mgeni vizuri. Mama alimpakata ingawa miguu ilimzidi.

"Huo mlio unaogonga," alisema Bi Kidawa, "unaujua?"

"Hapana. Unakuja wenyewe."

"Mimi naujua. Ni mlio wa uji."

Mtoto alimtazama.

"Nilikuwa msaidizi wa jikoni shuleni. Mpishi mkuu alikuwa Bi Mashavu binti Shemboza. Mnene, mkali, anacheka mpaka anashika ukuta. Kila siku saa nne kamili alichukua mfuniko wa sufuria kubwa, akaugonga kwa mwiko: ta-ta-ta, ta-ta. Watoto wakisikia, hata mwalimu awe katikati ya hesabu, hutawaona tena. Wote mbio, kila mtu na kikombe chake."

"Uji wa nini?"

"Wa mahindi. Sukari aliibania kama yake. Sasa siku ile tulikuwa tunaosha vyombo, saa nane mchana. Tukasikia ukuta wa bwawa unalia. Tulingoja king'ora. Hakikulia. Mashavu akasema, Kidawa, tukiwaambia maji yanakuja watatawanyika, kila mmoja atakimbilia kwao, na kwao ndiko chini. Akachukua mfuniko. Akagonga mlio wa uji."

Mama alimvuta Tunu karibu zaidi.

"Wakaja mbio na vikombe. Akanigeukia akanipa mfuniko, akasema panda nao machimboni, usiache kugonga, usigeuke nyuma. Nikapanda. Watoto arobaini na mmoja wananifuata wanauliza uji uko wapi. Juu nikawahesabu. Hoza wa darasa la kwanza hayupo, alikuwa chooni. Mashavu alikuwa ameshajua, ndiyo maana hakupanda. Alirudi kumfuata. Mimi nilikuwa nagonga, sikugeuka. Nilipogeuka, shule haikuwepo."

"Wakafa?"

Bi Kidawa alimtazama mama. Mama aliitikia kwa kope.

"Wakafa, mjukuu wangu. Mashavu na Hoza. Tuliwakuta siku ya tatu. Alikuwa amembeba."

Tunu aliweka mkono kifuani pake, akausikiliza kama anayesikiliza mlangoni.

"Kwa hiyo huyu si mimi?"

"Huyu nani?"

"Huyu anayelia humu ndani. Nilidhani moyo wangu umeharibika."

"Si wewe. Ni mimi," alisema Bi Kidawa. "Hayo mapigo ni yangu. Wamekupa bila kukuambia ni ya nani. Nisamehe."

Mtoto alilia. Alilia kilio kikubwa, chenye kamasi na kelele, mpaka jirani akachungulia. Alimlilia Hoza, akamlilia Mashavu, kisha akamwita baba yake, na hapo mama naye akaangua kilio. Bi Kidawa hakumwambia yeyote kati yao nyamaza. Alishika mguu mmoja wa mtoto uliokuwa ukining'inia, akaushika hivyo mpaka kilio kikatulia chenyewe.

"Huo uji," Tunu alisema baadaye, kwa sauti iliyokwaruza, "una sukari?"

4

Alfajiri ya Ijumaa mfuniko ulianza kucheza. Bi Kidawa aliinua kiganja, akakishikilia hewani, kisha akakirudisha mapajani. Uliachwa ulie. Mboni alitoka chumbani akiwa ameshangaa.

Mjumbe wa halmashauri alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, kalamu mbili mfukoni. Alimsikiliza Bi Kidawa hadi mwisho, na Bwana Kaniki akathibitisha: Tunu alikula, alilala, kikombe kimetulia. Mjumbe aliandika.

"Bibi, tunakushukuru sana. Umetuonyesha kasoro kubwa," alisema. "Hatukujua kwamba mapigo yanabaki. Wiki ijayo Mpole atafundishwa kuyaondoa nayo."

Bi Kidawa alidhani hakusikia vizuri.

"Mtaondoa na mapigo?"

"Na joto. Hakuna mtoto atakayeumia tena."

"Sasa ndani ya kauri kutabaki nini?"

Mjumbe alitabasamu kwa upole. "Amani, Bibi."

"Amani ya nani?" Sauti yake ilifika hadi kwenye mapipa ya maji nje, na watoto waliokuwa kwenye zulia wakainua vichwa. "Ya Hoza? Ya mama yake, aliyekufa akiuliza kwa nini king'ora hakikulia? Mtoto aliugua kwa uongo, akapona kwa ukweli, nawe dawa uliyoiona ni kuongeza uongo! Mwanangu, umesoma, umevaa vizuri, na umenisalimia kwa heshima. Lakini kidole changu hukipati. Mashavu aliniambia nisiache kugonga. Hakuniambia nigonge mpaka halmashauri ichoke."

"Basi itabidi ifungiwe," alisema mjumbe, na kweli alionekana kusikitika.

Bwana Kaniki ndiye aliyekuwa na ufunguo. Aliichukua kauri kwa mikono miwili, akaiviringisha kwenye leso yake mwenyewe, akaiweka kabatini. Ufunguo uligoma mara mbili kabla ya kuzunguka. Bi Kidawa alitazama hadi mwisho. Ilimuuma kama siku ile ya tatu, walipowakuta Mashavu na Hoza.

Alipotoka, mkutubi alimfuata hadi mlangoni, akainama akamvalisha viatu, maana kiuno hakikuwa kizima hata kidogo.

Kwenye ngazi walikaa watu wawili. Mama Tunu alikuwa na sindano yake na kipande cha wavu, anashona huku anasubiri. Tunu alishika kikombe cha bati. Mboni na Fadhila walisimama pembeni, wameshikana mikono kama watu wasiowahi kupigana.

"Wameifungia?" aliuliza Tunu.

"Wameifungia."

Mtoto alifikiri. Aligonga kikombe kidogo, safari hii kwa kutaka mwenyewe: ta-ta-ta, ta-ta.

"Bibi, kesho njoo kwetu tena. Mama kasema atapika yeye." Alimtazama Mboni na Fadhila. "Na hawa waje. Hujatuambia bado Hoza alikuwa anapenda nini."